Alhamisi Aliyekaa Mapokezi

Asubuhi ya Jumatatu, Bi Funguo alikuwa akifuta meza ya mapokezi wakati mtu asiyemjua aliposukuma mlango wa kioo na kuingia akiwa amelowa mabegani. Nje kulikuwa kukavu. Jua lilikuwa limekwisha panda juu ya duka la vioo lililo ng'ambo ya barabara, na vumbi lilikuwa palepale. Bi Funguo alimtazama viatu kwanza, maana sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, ndipo akamtazama uso.

"Karibu. Una miadi na nani?"

"Sina miadi," alisema mgeni. "Mimi ni Alhamisi."

"Alhamisi wa wapi?"

"Alhamisi ile. Siku ya mwisho ya kesi ya fundi wa kuchomelea. Namtafuta wakili aliyekuwa nayo."

Bi Funguo alikaa mapokezi ya ofisi ile ya mawakili tangu mwenye ofisi akiwa na nywele. Alikwisha pokea mtu aliyebeba mlango wake uliovunjwa, kama ushahidi, na mke na mume walioshtakiana ambao wote wawili walimtaka wakili yuleyule. Alimwandika mgeni kwenye kitabu cha wageni. Penye nafasi ya mahali atokako, aliandika: mwezi uliopita.

"Kaa kiti cha dirishani," alimwambia. "Hicho kingine mguu wake si wa kuamini."

Alhamisi alikaa. Alikuwa mtu wa makamo, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mikono juu ya magoti kama mtu aliyezoea kungoja. Alipokaa, mwanga wa dirisha lile ulibadilika. Ulikuwa wa asubuhi. Ukawa wa alasiri, ule wa jua linalochungulia baada ya manyunyu. Saa ya ukutani iliyokuwa juu ya kiti ilisogea mpaka ikapita mchana, halafu ikaendelea kutembea taratibu kama saa yoyote. Bi Funguo aliitazama, akatazama ya mkononi mwake, akaona kwamba moja yenye kusema kweli inaitosha ofisi, akaendelea kufuta meza.

Wakili alifika muda si mrefu. Alikuwa msichana aliyemaliza masomo juzijuzi, na mwenye ofisi alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake. Kila mtu pale alimwita Wakili Mdogo, wateja wakiwemo. Alimjua mgeni kabla hajaambiwa. Alimjua kwa ule mwanga.

"Hujambo," alisema Alhamisi.

"Sijambo."

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Kwa nini hukunitumia?"

Wakili Mdogo alisema samahani, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa akiwa bado amepakata mkoba.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi wa kuchomelea, kiziwi tangu utotoni, alikuwa akirudi nyumbani kutoka karakana, akapita kwenye makutano ambapo askari wawili walikuwa wamesimama. Walimwamuru asimame. Aliendelea kutembea. Walimwita tena, kisha wakamjia kwa nyuma. Alitoka kituoni kesho yake, na jicho lake la kushoto halikuwa jicho tena. Polisi waliandika kwamba alikaidi amri halali. Fundi alitaka mahakama iseme mambo mawili: kwamba kutosikia si ukaidi, na kwamba Serikali imtibu jicho lililobaki, kwa sababu daktari alikuwa amesema jicho likiumia namna ile linaweza kumvuta mwenzake.

Sheria ya huko inampa mtu anayeishtaki polisi mwaka mmoja. Hospitali zilikula sehemu ya mwaka huo. Kituo cha polisi kilikula sehemu nyingine, kikitafuta jalada lililokuwa juu ya meza. Fundi alipofika kwa mawakili, muda uliobaki ulikuwa mdogo lakini ulitosha. Wakili Mdogo aliandika hati ya madai kwa moyo wake wote, na Alhamisi ya mwisho ilipofika, hati ilikuwa tayari tangu asubuhi.

Kilichobaki kilikuwa kubonyeza kitufe. Mahakama siku hizi hupokea hati kwa kompyuta, na mfumo wake hufunga pamoja na milango ya masjala. Kinachoingia baada ya hapo hugongwa tarehe ya kesho. Wakili Mdogo alilijua hilo vizuri kuliko wengi. Lakini aya ya tatu haikumridhisha. Ilisema tu kwamba mdai alikuwa anatembea, askari wakamwita, hakusikia, wakampiga. Aliiona kavu. Alitaka jaji atakayeisoma ahisi mgongoni mwake jinsi mtu anavyoadhibiwa kwa neno ambalo halikumfikia. Akaifuta, akaiandika, akaifuta. Nje manyunyu yalianza, yakakatika. Bi Funguo alimletea chai ikapoa, akamletea nyingine nayo ikapoa. Alasiri aliipata aya aliyoitaka. Aliisoma kwa sauti, machozi yakamlengalenga, akabonyeza.

Masjala ilikuwa imekwisha fungwa. Hati iligongwa Ijumaa.

"Mtandao," mjomba wake alimwambia siku hiyo ya Ijumaa, alipomkuta ameinamia meza. "Tutasema mtandao ulisumbua. Kila mtu husema mtandao."

"Lakini haukusumbua."

"Mpwa wangu, nani anajua?"

Sasa, Jumatatu hii, mjomba alitoka chumbani kwake na kikombe mkononi, akachungulia mapokezi. Alimwona mtu aliyekaa dirishani na ule mwanga uliomzunguka. Akarudi nyuma hatua moja.

"Amekuja peke yake?" alimnong'oneza Bi Funguo.

"Peke yake."

"Afadhali," alisema mjomba, akarudi chumbani, na siku hiyo hakutoka tena mpaka jioni.

*

Alhamisi hakuondoka. Kila asubuhi Bi Funguo alipofungua ofisi alimkuta ameketi palepale, mabega yakiwa bado na unyevu, na baada ya siku chache akawa anamhesabia kikombe chake kwenye chai. Hakuwa msumbufu. Alipoulizwa anahitaji nini, alisema siku ambayo haikutumika haina pa kwenda, akashukuru kwa chai.

Watu walizoea kwamba karibu na kiti kile siku zote ilikuwa Alhamisi. Bi Funguo alikuwa na jino lililoanza kumuuma Ijumaa, kwa hiyo wakati wa chakula alivuta kiti chake hadi dirishani akatafuna bila taabu. Mjomba, hofu ilipompungua, alikuwa akija jioni kusimama pale kwa dakika chache na kuzungumza habari za mpira. Timu yake ilifungwa Ijumaa ile, na kwa Alhamisi ilikuwa bado haijafungwa.

"Kesho tunawanyoa," mjomba alikuwa akimwambia.

"Inawezekana," Alhamisi alijibu kwa adabu.

Wakili Mdogo tu ndiye ambaye hakupasogelea. Aliingia akipita upande wa pili wa meza, akiinamisha kichwa, kama mtu anayepita mbele ya watu waliofiwa.

Kisha fundi akaja na dada yake.

Dada mtu alikuwa msusi, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi, aliyemtafsiria kaka yake tangu wakiwa watoto. Alimwingiza akiwa amemshika kiwiko. Jumatatu iliyofuata baada ya Alhamisi ile, jicho la kulia lilikuwa limetanda ukungu, na sasa fundi aliona mwanga na vivuli, basi. Karakana ilimwambia apumzike. Mtu asiyeona hachomelei chuma. Dada yake alikuwa akizungumza naye kwa kumshika mikono na kumchorea alama viganjani.

Alimkalisha kwenye kiti kilichokuwa wazi, na kiti hicho kilikuwa cha pembeni mwa Alhamisi.

Fundi aliinua kichwa. Aliitazama kalenda ya ukutani, akamtazama Bi Funguo, akaitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akamtazama dada yake kwa muda, akasema kitu kwa mikono.

"Mshenzi huyu!" dada alisema, akampiga bega.

"Anasemaje?" aliuliza Bi Funguo.

"Anasema nimenenepa."

"Hapo alipokaa ni Alhamisi," Bi Funguo alieleza.

"Ahaa," alisema msusi. "Alhamisi alikuwa bado anaona." Akajifuta macho kwa kiganja, akavuta kiti kingine, kile chenye mguu mbovu, akakaa nusu.

Wakili Mdogo aliitwa. Ilimbidi aje asimame mbele ya wote watatu. Fundi alimsalimu kwa kichwa, akauliza kesi imefika wapi. Wakili Mdogo akazungumza. Alieleza kwamba kuna hatua, kwamba baada ya hatua kuna maombi madogo, kwamba maombi hayo hutangulia kesi yenyewe, na kwamba mambo ya mahakama huenda kwa utaratibu wake. Alizungumza sana, akiitazama meza. Alipomaliza, msusi alimgeukia kaka yake akafanya alama moja.

Fundi alimtazama dada, akamtazama wakili, akamtazama dada tena. Mikono yake ilianza kwenda haraka.

"Anasema maneno yote yale yamekuwaje moja," alisema msusi. "Nimemwambia umesema asubiri. Kwani hukusema asubiri?"

"Ni kama nimesema hivyo."

"Ndiyo hivyo. Sasa ameanza. Akianza huyu haishi." Aliifuata mikono ya kaka yake kwa macho. "Anasema watu wote humfupishia. Anasema daktari aliongea mpaka koo likakauka, mimi nikamwambia 'jicho baya'. Ni kweli, nilimwambia hivyo, ningefanyaje, nilikuwa nalia. Anasema kituoni waliongea usiku kucha akaambiwa 'saini'. Anataka umwahidi."

"Nimwahidi nini?"

"Siku ya jibu umwambie mwenyewe. Kwa mikono yako, mimi nisiwemo. Yote, bila kukata."

"Dada, mimi sijui lugha ya alama."

Msusi alitafsiri. Fundi alijibu akiwa na tabasamu.

"Anasema utajifunza. Anasema umesoma vitabu vinene kuliko mikono yake."

Wakili Mdogo alisema anaahidi. Fundi alitikisa kichwa. Ahadi ya mdomo yeye haikumhusu. Akamwonyesha jinsi ahadi inavyosemwa, naye akairudia, akakosea, akairudia, mpaka fundi akaridhika. Alhamisi alikuwa akitazama dirishani muda wote huo, kama mtu anayewapisha wenzake wazungumze mambo ya nyumbani.

*

Tangu hapo fundi alikuja karibu kila siku. Hakuwa na kazi, na hapakuwa na mahali pengine alipoweza kuona. Dada yake alimwacha mlangoni asubuhi akienda saluni, akamchukua jioni. Alikaa pembeni mwa Alhamisi akitazama watu wakipita barabarani, au akitengeneza vitu vya ofisi vilivyoharibika. Alikaza mguu wa kile kiti. Alitengeneza kitasa cha chooni ambacho Bi Funguo alikuwa amekisemea kwa muda mrefu mpaka akanyamaza.

Wakili Mdogo akipata nafasi alikaa mbele yake na kujifunza. Alijifunza mahakama, jaji, polisi, dirisha, chai. Alijifunza leo na kesho na jana. Fundi alikuwa mwalimu mkali mwenye kupenda utani, na mara nyingi msusi akija jioni aliombwa atafsiri jambo moja tu.

"Anasema mikono yako ina kigugumizi."

"Mwambie namshukuru."

"Mwambie wewe, si unajifunza?"

Alipokuwa akijifunza alikuwa na furaha. Akirudi chumbani kwake, akaona nakala ya ile hati yenye muhuri wa Ijumaa, alikuwa akiigeuza uso chini. Nyumbani mama yake alimuuliza kwa nini hali. Alisema anakula ofisini. Ofisini Bi Funguo alimuuliza kwa nini hali, akasema anakula nyumbani.

Maombi yaliyotakiwa yalikuwa ya kuongezewa muda. Mahakama ina uwezo wa kumsamehe aliyechelewa iwapo ataleta sababu ya kutosha, na sababu hiyo huelezwa kwa kiapo. Mjomba alikiandika kiapo mwenyewe, kwa wema, kwa sababu aliona mpwa wake hawezi. Kilisema kwamba siku ya tukio mtandao ulikatika kuanzia asubuhi hadi baada ya saa za kazi, licha ya juhudi za mwapaji.

"Weka sahihi hapa," alisema.

Wakili Mdogo alikisoma. "Mjomba, na yeye?" Alionyesha kwa kidevu upande wa mapokezi.

"Nimeshazungumza naye. Nataka aje mahakamani. Jaji akimwona atajua siku yenyewe haijaenda mbali. Nimemwomba anyamaze tu."

"Kakubali?"

"Ni mtu wa heshima yule."

"Na hiki ni uongo."

Mjomba alivua miwani, akaiweka juu ya meza. "Sikiliza, mama. Ukiandika kwamba ulikuwa unatafuta maneno mazuri, fundi anapoteza kesi. Ukiandika mtandao, pengine anaipata. Mimi nimeapa mitandao mingi maishani mwangu, na kabla ya mitandao nilikuwa naapa mafuriko. Chagua wewe unampenda nani, fundi au dhamiri yako."

Wakili Mdogo alimfikiria fundi. Alifikiria jicho. Akaweka sahihi, na alipoweka aliona afadhali kidogo, kisha afadhali ile ikaondoka.

*

Maombi yalisikilizwa Jumatano. Walikwenda wote: mjomba na Wakili Mdogo mbele, fundi na dada yake nyuma yao, na Alhamisi mwisho wa benchi, kwa hiyo fundi akaona chumba cha mahakama vizuri, nembo ya ukutani na feni isiyozunguka na jaji mwenyewe, mwanamke mwenye sura ya uchovu na upole.

Wakili wa Serikali alisimama kwanza. Alikuwa kijana mrefu, mwenye adabu, aliyesoma chuo kimoja na Wakili Mdogo.

"Mheshimiwa, upande wa Serikali haupingi kwamba yule ni Alhamisi," alisema. "Tunachopinga ni kufika kwake. Amefika leo, na leo ni Jumatano."

"Mahakama inamtambua," alisema jaji, akamwinamia Alhamisi kichwa kidogo. Alhamisi naye aliinama. "Wakili wa mwombaji. Nimekisoma kiapo chako. Nataka nisikie mwenyewe. Siku hiyo mtandao ulikatika?"

Jaji aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujibiwa ndiyo. Wakili Mdogo aliisikia sauti hiyo. Nyuma yake msusi alikuwa ameshika mikono ya kaka yake.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ulikatika."

Alhamisi hakusema neno. Alikuwa ameombwa anyamaze, na alinyamaza. Lakini alikuwa amekaa humo ndani na saa zake zote, na simu za watu waliokuwa humo zikaanza kutetemeka mifukoni. Ujumbe wa Alhamisi ile ulikuwa unaingia. Msusi aliletewa picha ya mtindo wa nywele ambao mteja mmoja aliutaka. Askari wa mlangoni aliletewa salamu kutoka kwa shemeji yake. Karani wa mahakama, aliyekuwa akihangaika na kompyuta tangu asubuhi, aliona kurasa zote zimefunguka mara moja, akasema "Alhamdulillahi" kabla hajajizuia.

Jaji aliitazama kompyuta ya karani, kisha akakitazama kiapo. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyepandisha mzigo karibu na rafu, kisha akaushusha tena.

"Mtandao ulikuwa mzuri," alisema. "Sababu iliyotolewa haipo, na sababu nyingine haikutolewa. Mahakama haiwezi kupokea siku iliyochelewa kufika, hata kama imekuja yenyewe kwa miguu yake. Maombi yametupwa. Kuhusu kiapo, jambo hilo sitalifuatilia mwenyewe. Lina mahali pake, iwapo aliyeumizwa nalo ataona vema kulalamika."

Akagonga. Watu wakasimama. Wakili wa Serikali alikuja kumpa Wakili Mdogo mkono, akamwambia pole, na alimaanisha.

Nje, kwenye ngazi, Alhamisi akiwa kando yao, fundi alimshika wakili bega akauliza kwa mikono: amesemaje?

"Kesho," Wakili Mdogo alijibu kwa mikono yake. "Ofisini. Yote."

*

Kesho yake asubuhi mjomba alimwita kabla hajakaa.

"Mwambie mahakama imekataa," alisema. "Hilo ni jibu, na ni kweli tupu. Hakuna atakayekulaumu kwa kweli."

"Nilimwahidi yote."

"Yote ni mengi, mpwa wangu. Watu wakiambiwa yote ndipo mawakili hufungiwa leseni. Jaji amekuachia njia. Kiapo kitakaa kwenye jalada, jalada litakaa kwenye kabati, na wewe utakuwa wakili mzuri, utawasaidia wengine mia. Mimi nilifanya hivyo." Alifuta miwani yake. "Ukimwambia, sitaweza kukuweka hapa. Nina wateja. Na mama yako nitamweleza nini?"

"Mweleze yote," alisema Wakili Mdogo. Hakusema kwa jeuri. Alisema kwa sauti ndogo, akatoka.

Fundi alikuwa amekwisha kaa mahali pake. Msusi naye alikuwepo. Siku hiyo alikuwa ameifunga saluni. Wakili Mdogo alimwomba asitafsiri chochote. Msusi aliiweka mikono yake chini ya mapaja akaikalia, asije akaitoa kwa mazoea. Bi Funguo alifunga mlango wa kioo kwa funguo. Alhamisi alisogeza kiti chake nyuma kidogo, mwanga uwafikie vizuri.

Wakili Mdogo alianza na asubuhi ya siku ile. Alisema hati ilikuwa tayari. Alisema mfumo ulikuwa unafanya kazi. Mikono yake ilikuwa na kigugumizi kwelikweli, na mara mbili fundi alimsimamisha akamrekebisha kidole, kama mwalimu, kisha akamwashiria aendelee. Alisema kuhusu aya ya tatu. Fundi hakuelewa, akataka arudie. Akarudia: nilikuwa natafuta maneno mazuri.

Fundi alimtazama mikono. Kisha akauliza: uliyapata?

"Niliyapata."

Niambie.

Wakili Mdogo alijaribu. Alikuwa anaijua aya ile kwa moyo, kila kituo chake, lakini alama alizozijua zilikuwa chache. Alichoweza kusema kwa mikono ni hiki: ulikuwa unatembea, wakakuita, hukusikia, wakakupiga. Alitafuta kingine cha kuongeza, hakukipata. Fundi alitikisa kichwa kukubali. Ndivyo ilivyokuwa, alisema. Akamwashiria tena: endelea.

Sasa kilikuwa kimebaki kiapo. Mjomba alikuwa amesimama penye mlango wa chumba chake, kikombe mkononi. Hakujua lugha ya alama, lakini alijua mahali walipofika. Wakili Mdogo alisema: niliapa uongo. Hakusema tuliapa. Alisema karatasi ilikuwa na sahihi yangu, jaji aliniuliza, nikasema uongo mara ya pili kwa mdomo wangu. Alisema kesi imekwisha. Alisema mahakama haitasema kwamba kutosikia si ukaidi. Alisema hospitali haitaamriwa. Alisema askari wale wawili bado wako kwenye makutano yale, amepita asubuhi akawaona.

"We mtoto!" Msusi alikuwa amesimama. "Yaani jicho la kaka yangu, jicho la mtu mzima, umeliuza kwa maneno mazuri? Na sisi tunakuja hapa tunakunywa chai yenu?"

Fundi hakumsikia, lakini alimwona. Aliinua kiganja kumzuia. Alikuwa bado hajamaliza na wakili. Uso wake haukuwa na hasira wala msamaha. Ulikuwa wa mtu anayetazama mahali chuma kilipoungana ili ajue kimeshika au hakikushika.

Akauliza: wakili akifanya hivi, analalamikiwa wapi?

Mjomba aliingia chumbani mwake akafunga mlango.

Wakili Mdogo alimwambia. Alimweleza jengo la kamati inayosikiliza malalamiko dhidi ya mawakili, lile la ghorofa lililo nyuma ya posta. Alimweleza kwamba lifti haifanyi kazi, kwa hiyo apande ngazi mpaka ghorofa ya nne, mlango wa mwisho kushoto, na dada yake amshike kwa sababu ngazi ni giza. Alimweleza saa zao za kufungua. Alimweleza aende na nakala ya uamuzi na nakala ya kiapo, akaingia ndani akazileta, zote mbili, akampa mkononi. Alimweleza cha kuandika juu kabisa ya malalamiko. Neno moja hakulijua alama yake, akaliandika kwa kidole kwenye meza ya Bi Funguo, herufi moja moja, na fundi akamfundisha alama yake ni ipi, naye akaisema upya kwa jinsi ipasavyo.

Kisha akamwambia kwamba malalamiko ya namna hiyo nayo yana muda, na muda ukipita hayapokelewi. Akamtajia mwezi, akamtajia tarehe. Mikono yake ilikwenda haraka mno, na tarehe ikamponyoka fundi. Aliomba arudie. Akarudia polepole. Usingoje siku ya mwisho, alisema. Nenda kesho. Akairudia tarehe mara nyingine, mpaka fundi naye akaisema kwa mikono yake mwenyewe bila kukosea.